Alitenda, Lakini Hana Hatia

Kaisho hakuna siri, bwana. Ukishuka jioni kwenye basi la kutoka Omurushaka, kufikia asubuhi watu wa Murongo, kule mpakani, wameshajua umekuja na begi la rangi gani. Kwa hiyo mjomba aliporudi kutoka Dodoma hakuhitaji kupiga hodi.

Mjomba alimuua mdogo wake kwa panga, mgombani, mchana kweupe. Wote wawili ni kaka zake mama yangu, ndiyo maana habari hii siwezi kuisimulia kama ya gazetini. Mahakama Kuu, Bukoba, ilisikiliza mashahidi, ikasoma ripoti ya daktari wa Isanga, ile taasisi ya Dodoma inayopokea wagonjwa wa akili wenye kesi, ikaandika kwamba hana hatia. Miaka ikapita. Sasa karudi, kakonda, anatembea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Binamu yangu, mtoto wa marehemu, akanijia: "We si umesoma sheria? Niandikie barua basi, ashtakiwe upya. Kichaa gani huyu anayejua kupalilia kahawa?"

Simlaumu. "Hana hatia," ukilisikia hivihivi, ni kama mahakama imesema baba yako hakuuawa na mtu.

Lakini hebu tuitazame sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu huanza kwa kudhani kila mtu ana akili timamu. Mshtakiwa anayedai vinginevyo athibitishe. Na swali si kama leo anapalilia kahawa. Swali ni saa ileile panga lilipoinuka: je, maradhi ya akili yalimfanya asielewe anachofanya, au asitambue kwamba hapaswi kukifanya, au ashindwe kujizuia? Hilo la kushindwa kujizuia halimo katika kanuni za Uingereza za mwaka 1843, tulikorithi hayo mengine. Mimi nafurahi kwamba sisi tunalo. Daktari naye hushauri tu. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilisema mahakama hailazimiki kuyakubali maoni yake, mradi iwe na sababu ya maana.

Ikithibitika, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 haisemi aende nyumbani. Jaji huandika mambo mawili kwa pamoja: kwamba alitenda, na kwamba kwa sababu ya wazimu hana hatia. Kisha mtu huwekwa hospitali, gerezani au mahali pengine pa usalama, bila idadi ya miaka. Mwizi wa ng'ombe anaijua siku yake ya kutoka. Mjomba hakuijua.

Na kushtakiwa upya? Sheria hiyohiyo inakataza: aliyekwisha kutiwa hatiani au kuachiwa hashitakiwi tena kwa kosa lilelile, maadamu uamuzi haujatenguliwa. Ingekuwa mengine kama wakati wa kesi hakuweza hata kuifuatilia. Hapo kesi husimama tu, akipona inaendelea. Rufani nayo yaweza kuzaa kesi mpya kama ya kwanza iliendeshwa vibaya, ila tangu shauri la Fatehali Manji la 1966 inajulikana kwamba si kwa ajili ya kumsaidia mwendesha mashtaka kuziba matundu ya ushahidi wake.

Binamu alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kijijini kesi ilishafunguliwa upya zamani, na haina hakimu wa kuifunga: watoto huitwa ndani mjomba akipita, kilabuni ana kibuyu chake cha rubisi ambacho hakigusi mwingine. Bibi, aliyewazaa wote wawili, ndiye pekee anayempakulia.

"Hilo la kwanza," binamu akauliza, "kwamba alitenda. Limeandikwa kweli?"

Limeandikwa.

"Nisomee."

Nikatoa ile nakala ya hukumu nikamsomea, Kiingereza chake chote, halafu kwa Kiswahili. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniomba nirudie sentensi ile moja, safari hii kwa Kinyambo.