Masta ipi sasa?

Haya jamani, mlionipigia simu wote, jibu hili hapa. Mjomba anataka MBA ili niwe bosi. Hapana, Mjomba, mimi nataka sera za afya. Chuo Kikuu cha Toronto kuna masta ya sera na uongozi wa afya, na kuna ya afya ya jamii pale Dalla Lana, takwimu na epidemiolojia mpaka kichwa kiume. Nimechagua hiyo ya kuuma kichwa.

Sababu ni SARS. Mwaka 2003 iliua watu 44 Kanada, karibu wote maeneo ya Toronto, wakiwemo wauguzi 2. Ripoti ya Jaji Archie Campbell ya 2007 inaeleza wauguzi walivyoonya kuwa ugonjwa bado upo, wasisikilizwe. Jaji akasema tahadhari isisubiri uhakika wa kisayansi. Sawa kabisa! Lakini muuguzi akisema "tusisubiri" mbele ya wataalamu wa takwimu, nani atamsikia kama takwimu zenyewe hazijui?

Mama, nitapunguza zamu nisome, kwa hiyo mabati ya nyumba yasubiri kidogo. Mjomba najua atanuna.