Kaye ya Mama na Biki Yangu Nyekundu

Nyumbani kwetu Kadutu kuna sanduku la bati lisilofungwa kwa kufuli. Ndani yake mna vyeti vya ubatizo, kadi za uchaguzi, hati ya kiwanja na, chini kabisa, kaye moja nene yenye jalada jeusi, ya aina ile wenye maduka wanayoandikia madeni. Mama aliinunua mwaka 2003, wiki niliyozaliwa, ili aandike hesabu ya sambaza aliokuwa akiwauza sokoni. Hesabu zilijaza kurasa nne. Kwenye ukurasa wa tano alibandika kipande cha kitenge alichonibebea mgongoni, na chini yake akaandika: «Hii njo nguo nilimubebea Yaya.» Tangu siku hiyo kaye iliacha biashara.

Sanduku halina kufuli kwa sababu moja. Mtaani kwetu nyumba za mbao zimebanana kwenye mteremko, na moto ukishika nyumba moja hakuna muda wa kutafuta ufunguo. Kila mtoto wa nyumba anajua zamu yake: mmoja abebe mdogo, mmoja abebe sanduku.

Katika nchi nyingine kazi hii ina maduka yake, karatasi zake za rangi na mikasi yake ya kukata mapindo. Mwandishi Mark Twain wa Marekani alipata hataza mwaka 1873 kwa ajili ya kitabu cha kubandikia chenye gundi tayari kwenye kurasa. Mama hana gundi ya dukani. Anakoroga unga wa mhogo na maji ya moto mpaka uwe mzito, kisha anaupaka kwa kidole. Mende wanaupenda sana uji huo, kwa hiyo anaongeza matone mawili ya mafuta ya taa. Ndiyo maana maisha yetu yote yananuka kibatari. Kitu kizito hakikubali uji. Hicho anakishona kwa sindano na uzi.

Picha ni chache, kwani mpiga picha alikuja mtaani kwa sikukuu tu, na alilipwa. Kilichojaa ni vitu. Kuna karatasi ya bili ya umeme ambayo mdogo wangu alichora nyuma yake mtumbwi. Kuna tiketi ya meli ya Goma, safari ya pekee Mama aliyowahi kusafiri ziwani. Kuna lebo ya Primus kutoka siku ya mahari ya mama mdogo, imekunjamana kwa sababu aliibandua chupa ikiwa bado na baridi. Kuna kipande cha lipu ya ukuta, kimefungwa ndani ya plastiki na kushonwa, kutoka Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotikisika Bukavu na ukuta wetu wa upande wa mlango ukalala chini. Palikuwa hata na sambaza mmoja mkavu. Bibi alisema anastahili ukurasa wake, maana samaki huyo aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na yeye alikwisha kuzaliwa. Kwa hiyo sambaza ni mgeni wake, si mwenyeji. Paka wa jirani hakujali historia hiyo. Sasa ukurasa huo una doa la mafuta na mkwaruzo wa kucha, na Mama amezungushia mkwaruzo duara kwa biki.

Mpangilio haupo. Mwaka 2011 unafuata 2019, kisha tunarudi 2006, kwa sababu Mama hubandika pale anapoona nafasi. Akijisikia kubandika anabandika mara tatu kwa juma. Asipojisikia, mwaka unapita. Nilimuuliza siku moja kwa nini haendi kwa utaratibu. Alinijibu kwamba hata akili yake haikumbuki kwa utaratibu.

Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila jioni alikaa mezani na rundo la makaye ya wanafunzi, biki nyekundu mkononi, akisahihisha mpaka taa ilipoisha mafuta. Upande wa pili wa meza hiyo hiyo Mama alikuwa na sufuria yake ya uji wa mhogo. Mara nyingi Papa alivuta kaye yake, akasoma, akacheka, akairudisha. Biki nyekundu hakuigusisha hata siku moja. Niliyaona hayo utoto wangu wote bila kuyaelewa.

Papa alifariki mwaka 2019. Miaka miwili baadaye niliingia kitivo hiki chetu.

Wasomaji wa jarida hili wanajua kinachompata mwanafunzi wa lugha mwaka wake wa kwanza na wa pili. Nilijifunza ngeli. Nilijifunza kwamba jino ni la kwanza, si ya kwanza. Kwamba ukuta ulianguka, si ilianguka. Nikaanza kusikia makosa kila mahali: kanisani, ndani ya teksi, kwa wauzaji wa Nyawera, mezani kwetu. Wadogo zangu waliacha kunisimulia mambo, maana kabla hadithi haijafika katikati nilikuwa nimekwisha kuisimamisha mara tatu.

Likizo ya mwaka 2025 niliamua kumpa Mama zawadi. Nilinunua albamu mpya yenye kurasa za plastiki, karatasi za rangi na gundi ya kweli. Nia yangu ilikuwa kunakili kaye yote kwa mwandiko safi, miaka ikiwa imepangwa, na maandishi yakiwa katika Kiswahili sanifu. Kabla ya kunakili ilibidi nisahihishe. Nikachukua biki nyekundu.

Mama ameniruhusu kunukuu hapa maandishi manne, si zaidi. La kwanza mmekwisha kulisoma. La pili lipo chini ya kipande cha karatasi ya mkate, chenye mafuta mpaka kinapitisha mwanga: «Siku ya mushahara Papa alirudiaka na mukate ndani ya koti.» Nilikata, nikaandika juu yake: Siku ya mshahara Baba alirudi na mkate ndani ya koti.

La tatu: «Mutoto alitosha jino ya kwanza. Akaanza kuuliza kama itarudi.» Nilizungushia «alitosha» duara, nikaweka alama ya kuuliza pembeni, kana kwamba sikuzaliwa katika mji ambako kutosha ni kutoa, na ambako kila mama humwambia mtoto atoshe kidole mdomoni.

La nne ni la Februari 2025. Nyinyi nyote mlikuwapo, sina haja ya kusimulia siku zile. Ukurasa hauna kitu kilichobandikwa. Pana maneno haya tu: «Tulilala chini ya kitanda. Tuko.» Nami, niliyelala chini ya kitanda hicho hicho, niliandika kwa wino mwekundu: Tuko wapi? Sentensi haijakamilika.

Kazi ilinichukua wiki mbili. Nilipomkabidhi albamu, Mama alifuta mikono kwenye kikwembe chake, akaifungua polepole, akapitisha kidole juu ya plastiki. Alisema ni nzuri. Aligeuza kurasa mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa upole kabisa: «Sasa hii ni maisha ya nani?» Nilidhani anatania. Halafu akafungua kaye yake ya zamani ili alinganishe, akaona wino wangu.

Hakugomba. Aliifunga, akairudisha chini ya sanduku.

Miezi ikapita. Mdogo wangu alipata diploma ya serikali, unga ukamwagwa kichwani mwake barabarani kama desturi ilivyo, na Mama akaokota ua la karatasi lililoanguka kutoka kwenye shada lake. Nilingoja aweke maji jikoni kwa ajili ya uji wa mhogo. Alilitia ua ndani ya bahasha. Nilimwambia: «Mama, hauandike?» Akanijibu: «Andika weye. Mi sijue Kiswahili.»

Mama yangu alizaliwa na kukulia Bukavu. Amebembeleza kwa Kiswahili, amepatana bei kwa Kiswahili, amemzika mume wake kwa Kiswahili. Ni mimi niliyemfundisha kwamba hakijui.

Ningependa kuandika kwamba nilitambua kosa langu mwenyewe usiku ule. Haikuwa hivyo. Nililitambua darasani, mhadhiri alipotusimulia juu ya maandishi yaliyokusanywa na André Yav huko Lubumbashi mwaka 1965, yanayosimulia historia ya mji wa Élisabethville kama ilivyojulikana na watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Yameandikwa kwa Kiswahili cha mji ule, bila kufuata tahajia yoyote ya vitabuni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1990, hakuweza kuyaelewa vizuri kwa kuyatazama. Ilimbidi apate mtu wa mji, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti, na kwa sauti maneno yakajitenga yenyewe. Hakuyasahihisha. Mhadhiri akaongeza habari ya Julien, mtu wa Shaba aliyeandika maisha yake mara tatu na kumpelekea mwanamke wa Kibelgiji aliyewahi kumwajiri. Jan Blommaert aliyachunguza maandishi hayo katika kitabu cha mwaka 2008. Tulijadili kwa saa nzima thamani ya maandishi ya watu wasiosomea uandishi. Niliandika maelezo mengi sana. Katikati ya ukurasa biki yangu ikasimama.

Nikawaza juu ya ule mkate. Kiishio -ka, nilichokikata kama kosa, ndicho kinachosema kwamba jambo lilikuwa la zamani na lilirudi tena na tena. «Alirudiaka»: kila mwezi, miaka mingi, Papa na koti lake lililovimba upande mmoja. «Alirudi»: siku moja tu. Kwa mfuto mmoja nilikuwa nimempokonya Papa mikate yote isipokuwa mmoja. Na jina lenyewe! Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumwita Baba. Mtu niliyemwandika katika albamu yangu simjui.

Jioni ile niliitoa kaye sandukuni bila kuomba ruhusa, nikawaita wadogo zangu, nikaanza kuisoma kwa sauti. Nilisoma ya Mama, si yangu. Mwanzoni Mama aliendelea kuchambua lengalenga akitupa mgongo. Nilipofika kwenye jino nililisoma vibaya, kwa mkazo wa darasani, naye akasema kutoka jikoni: «Hapana, si vile.» Akaja. Akasoma mwenyewe. Tulisoma mpaka simu iliyokuwa ikitumulikia ikazimika, na hadithi ambazo hazikuandikwa zikatoka nyuma ya zile zilizoandikwa: koti lilikuwa la kuazima, jino lilimezwa, na lile lililobandikwa ni la mtoto wa jirani.

Nilimwomba msamaha. Alisema: «Wino haifutike, lakini inafunikwa.»

Siku chache baadaye alikoroga uji. Hakufunika masahihisho yote. «Tuko wapi?» ameliacha, anasema linamchekesha, na anapenda wajukuu waje waone shangazi au mama yao alikuwa mtu wa namna gani. Alifunika neno moja tu. Juu ya «Baba» pana kipande kidogo cha koti la Papa, kimeshonwa pembe nne.

Nilimsimulia mhadhiri wangu, naye akauliza kama kaye hiyo ingeweza kunakiliwa kwa ajili ya utafiti. Nilipeleka ombi nyumbani. Mama alifikiri siku mbili, akajibu kwamba si ya shule. Nilipotaka kumweleza faida zake aliniuliza kama faida hizo ni zake au zangu. Nimeandika insha hii badala yake, kwa maandishi manne niliyopewa. Wenzangu mnaotafuta data kwa ajili ya tasnifu, nadhani hilo ni jibu linalostahili heshima yetu.

Siandiki haya ili kukidharau Kiswahili sanifu. Ndicho ninachokiandika hapa, nakipenda, na mwanafunzi wangu wa kesho atahitaji jino liwe la kwanza. Lakini lugha niliyopewa darasani niliitumia kama ufunguo wa chumba cha mtu mwingine, nikaingia kupanga vitu vyake.

Sasa nina kaye yangu. Sio nzuri. Naandika kwa Kiswahili kinachokuja siku hiyo: mara cha kitivo, mara cha Kadutu, mara Mashi ya Bibi pale ambapo hakuna neno jingine. Nimebandika risiti ya fotokopi na jani la mti wa parachichi lililooza kwa sababu sikulikausha vizuri. Albamu ile ya plastiki haikupotea bure: mdogo wangu anahifadhia humo noti zilizochanika, akisubiri siku ambayo mtu atazipokea.

Mama hunichungulia begani ninapoandika. Hanisahihishi. Jana tu ndipo aliponyosha kidole juu ya gundi yangu ya dukani na kusema kwamba ile ya mhogo inashika zaidi.