Na Celia hadi Bariadi

Baba aliniita barazani, nyumbani kwetu Morogoro, akasubiri mama aondoe vikombe, kisha akasema: "Nenda kamwone mdogo wako. Mwambie ualimu ni kazi. Kuimba si kazi." Akanihesabia nauli mkononi, ya kwenda na ya kurudi. Niliipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa mimi ni mtoto wa kwanza na sijazoea kumbishia.

Mdogo wangu alikuwa na mwaka wa pili akifundisha shule ya msingi nje kidogo ya Bariadi, mkoani Simiyu. Mwezi Desemba alipiga simu kutueleza kwamba kuna bendi Mwanza imemwita kwenye majaribio, na kwamba wakimkubali ataacha shule. Tangu siku ile simu zake zikawa hazipokelewi na baba. Mama alizipokea jikoni, kwa sauti ya chini.

Lililonitesa ni kwamba baba ndiye aliyetulea kwa muziki. Ujana wake ulikuwa wa mji wenye bendi mbili zilizogawa mitaa: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, ambayo baadaye ilikuja kuwa na Mbaraka Mwinshehe. Jina hilo la Cuban halikuokotwa njiani. Kuanzia 1933 santuri za Kikuba zenye herufi GV zilikuwa zikiuzwa Afrika, na vijana wa Leopoldville (Kinshasa ya leo) hadi Dar es Salaam wakajifunza gitaa na kuimba kwa kuzisikiliza, wengine wakiigiza Kihispania wasichojua maana yake. Baba alirithi masikio hayo. Katika kabati lake, ndani ya mfuko wa nailoni, kuna kaseti ya Celia Cruz, mwimbaji wa Cuba, ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Jumapili aliipiga mwenyewe, akamshika mama mkono, wakacheza kati ya jiko na sebule. Kwa hiyo masikio ya baba yangu yalimpenda sana mwanamke anayeimba, ila asiwe binti yake. Nasema hivi kwa heshima zote. Nampenda, na ndiyo maana liliniuma.

Sikuwa nimewahi kufika Usukumani kabla ya Januari ile. Nililala Mwanza, na alfajiri nikawa stendi ya Nyamhongolo natafuta basi la Bariadi. Kwenye simu nilikuwa nimejaza nyimbo za Celia, zote nilizoweza kuzipata. Niliweka visikizio basi lilipopita Kisesa, penye njia ya kwenda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, na sikuvitoa mpaka Magu.

Celia alizaliwa Havana tarehe 21 Oktoba 1925, mtaa wa Santos Suárez, katika nyumba ndogo iliyojaa ndugu, binamu na shangazi. Baba yake, Simón Cruz, alikuwa mchochea moto kwenye treni za reli. Celia alipewa kazi ya kuwabembeleza watoto wadogo walale, naye akawaimbia. Majirani wakaanza kukusanyika mlangoni. Inasimuliwa kwamba jozi yake ya kwanza ya viatu vizuri alinunuliwa na watalii waliosikia akiimba. Lakini mzee Simón alitaka binti awe mwalimu. Wanawake wa majukwaani, machoni pake, walikuwa watu wa sifa mbaya. Celia akatii, akaingia chuo cha ualimu, huku binamu yake akimpeleka kimya kimya kwenye mashindano ya redio. Mwaka 1947 alishinda moja. Zawadi ilikuwa keki.

Ziwa lilikuwa likionekana na kupotea upande wa kushoto. Tulivuka mto Simiyu, ule ulioupa mkoa jina lake, maji yakiwa mekundu kwa mvua. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulizaliwa 2012 kwa kumega Shinyanga na kipande cha Mwanza. Mama mmoja aliyeketi kando yangu, mwenye kuku wawili kikapuni, alinigusa bega. "Mwangaluka," akasema. Nikajibu "Shikamoo," nikaona amefurahi na amesikitika kidogo. Akanifundisha: mwangaluka hujibiwa mwangaluka, na jua likishapanda useme mwadila. Nikaandika nyuma ya tiketi.

Lamadi basi liliacha barabara ya Musoma na lango la Serengeti likabaki mbele yetu, nasi tukakata kulia. Hapo nchi ikafunguka. Sikuwa nimewahi kuona uwanda wa namna ile, mbuga ya udongo mweusi inayokwenda mpaka macho yachoke, mwembe mmoja mmoja, ng'ombe wengi kuliko watu, na pande zote mbili pamba ikiwa ya kijani bado, kimo cha goti. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, hilo nilisoma shuleni; lakini kusoma hakukuniandaa kwa Dutwa, ambako kila nyumba niliyoiona ilikuwa imezungukwa na pamba kama kisiwa na maji.

Mdogo wangu alinipokea stendi ya Bariadi. Alikuwa amekonda na macho yanang'aa. Alipiga goti kidogo kunisalimu, kama wafanyavyo wasichana wa kule, jambo ambalo nyumbani hatulifanyi. "Shikamoo dada. Umekuja kwa salamu au kwa hukumu?"

"Nimekuja kwa nauli ya baba," nikamwambia. Akaelewa.

Usiku ule tulikula ugali wa mtama na mlenda katika chumba chake cha kupanga, na sikutoa ujumbe wa baba. Badala yake nilimsimulia Celia. Nilimwambia kuhusu mwalimu wake wa chuoni aliyemshauri aache ualimu, maana kwa kuimba siku moja angepata mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu. Mdogo wangu akacheka mpaka akashika tumbo. "Huyo mwalimu ndiye ninayemtafuta Simiyu nzima!"

Nilimsimulia pia yale yasiyochekesha. Mwaka 1950 bendi ya La Sonora Matancera ilimchukua kushika nafasi ya Myrta Silva, mwimbaji kipenzi aliyekuwa amerudi Puerto Rico, na wasikilizaji wakaandika barua za kulalamika kwamba huyu mpya hawamtaki. Kiongozi wa bendi, Rogelio Martínez, hakumwondoa. Mwenye kampuni ya santuri alidai mwanamke hawezi kuuza santuri ya muziki ule. Martínez akasema kama haikuuzwa atamlipa Celia mwenyewe. Iliuzwa. Akadumu na bendi hiyo miaka 15. Hata mzee Simón, alipoanza kusikia watu wakimsifu binti yake, alilegeza msimamo.

"Sasa si umeona?" mdogo wangu akasema. "Mwisho baba yake alikubali."

Nikamwambia asikimbilie mwisho. Tarehe 15 Julai 1960 Celia na bendi yake waliondoka Cuba kwenda Mexico kwa mkataba wa kazi, na serikali mpya ya Fidel Castro ikaona wameasi. Mwaka 1962 mama yake akafariki Havana. Celia aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, akanyimwa. Mwaka huohuo aliolewa na Pedro Knight, mpiga tarumbeta wa bendi. Aliimba dunia nzima miaka 40 iliyofuata, akawa malkia wa muziki ambao New York iliupa jina la salsa, na kwao hakurudi tena. Mwaka 1990 aliimba kwenye kambi ya Wamarekani ya Guantánamo, ardhi ileile ya Cuba lakini upande wa pili wa waya. Alichota udongo wa pale akauhifadhi. Alipofariki tarehe 16 Julai 2003, udongo huo ulizikwa naye.

Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu. Taa ya sola ilikuwa imefifia. "Yeye mlango ulifungwa na serikali," akasema. "Wangu nani anaufunga?"

Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule, wala la kujipa.

Jumamosi alfajiri alinipeleka shambani. Wanawake kumi na mmoja wa kikundi chao cha kuweka na kukopa hupalilia pamba ya mtu kwa ujira, na ujira unaingia kwenye sanduku. Mdogo wangu ni mwanachama. Tulipofika nilisema "mwangaluka" kwa sauti, nikaitikiwa na wote, na bibi mmoja mrefu, mwembamba, akanipa jembe bila kuniuliza kama naliweza.

Wakajipanga mstari. Bibi yule akatoa sauti moja kavu, ya juu, na wenzake wakaitikia chini, na majembe yakaingia ardhini kwa pamoja. Nimesoma kuhusu bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma ambayo wachezaji hurusha jembe hewani na kulidaka. Hii haikuwa ngoma. Hakuna aliyerusha chochote. Ilikuwa palizi, na wimbo ndio uliokuwa ukipalilia. Kila nilipochelewa, jembe langu lilisikika peke yake na nikaona haya. Baada ya robo saa mkono wangu ulianza kumsikiliza bibi badala ya kunisikiliza mimi.

Na hapo, katikati ya mistari ya pamba, nikamsikia Celia. Sisemi sauti zilifanana. Namna ya kujenga ndiyo ileile: mmoja anatupa neno mbele, wengi wanalidaka na kulirudisha, naye anaruka juu yake na kubuni jipya kabla hawajamaliza. Hivyo ndivyo ulivyo muziki wa Celia, na hivyo ndivyo ulivyokuwa katika mashamba ya miwa ya Cuba, yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika Magharibi na Kongo mpaka utumwa ulipofutwa huko mwaka 1886. Celia alizaliwa miaka 39 tu baadaye. Kila onyesho alipiga ukelele wake wa "¡Azúcar!", yaani sukari. Mwenyewe alieleza ulianza kwa mhudumu wa mgahawa Miami aliyemuuliza kama kahawa yake anaitaka na sukari. Naamini hivyo. Lakini mjukuu wa bara hili kuita sukari mbele ya maelfu, akiwa na miwa ile nyuma yake, ni zaidi ya kahawa.

Septemba 1974 Celia aliuleta muziki huo ulikotoka. Kinshasa ilikuwa imeandaa tamasha la siku tatu kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini na pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini wanamuziki wakapanda jukwaani hivyohivyo: James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, na Celia akiwa na bendi ya Fania All-Stars. Kuna filamu inayowaonyesha ndani ya ndege wakija, wanapiga muziki angani, naye anagonga mdundo kwa kiatu alichokivua mguuni. Uwanjani Wakongo waliitikia. Walikwisha kulelewa na santuri za GV. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Bibi alipochoka alifanya ishara kwa kidevu. Mdogo wangu akachukua uongozi wa wimbo, kwa Kisukuma, lugha aliyoikuta hapa chini ya miaka miwili iliyopita. Alikosea neno moja, wenzake wakacheka bila kuacha kulima, naye akalirekebisha ndani ya mdundo uleule. Nilitazama nyuso zao. Hakuna hata mmoja aliyemwona mhuni. Alikuwa anafanya kazi, na kazi ilikuwa inakwenda.

Nikasogea kando ya shamba, nikampigia baba.

"Umemwambia?" akauliza kabla ya salamu.

"Shikamoo baba. Sijamwambia. Sikiliza kwanza."

Nikainua simu juu, kuelekea mstarini. Mkono ulikuwa na malengelenge tayari na simu iliteleza kwa udongo. Sauti ya mdogo wangu ilipanda, ya wenzake ikashuka, majembe yakatua. Nilisubiri mizunguko mitatu, minne, nikihesabu kwa majembe. Kisha nikairudisha simu sikioni. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Baba?"

"Huyu anayeongoza ni yeye?"

"Ni yeye."

Nikasikia kiti chake cha barazani kikilia, kama anayekaa vizuri.

"Usikate," akasema. "Irudishe pale ilipokuwa."