Mikwaju Mitano ya Machakos

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisita kuandika juu ya mpira katika kurasa hizi. Wasomaji wa jarida hili wamezoea kunisoma nikizungumzia vina, mizani na mashaka ya tafsiri, na baadhi yao ni wazee wangu ambao huuona mpira kuwa ni mchezo wa watoto na maradhi ya watu wazima. Nawaomba radhi. Lipo jambo lililonikaa moyoni tangu tarehe 17 Disemba 2017, na sioni mahali pengine panaponistahikia kulieleza.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Timu yetu ya taifa, Zanzibar Heroes, ilikuwa ikicheza fainali ya Kombe la Chalenji na wenyeji Kenya katika uwanja wa Machakos. Sisi tulikuwa barazani, watu thelathini na zaidi, mbele ya televisheni moja iliyotolewa nje ya duka na kuwekwa juu ya meza. Waliokosa pa kukaa walisimama, na waliokosa pa kusimama wakapanda ukutani.

Ili mtu aielewe hamu tuliyokuwa nayo, hana budi kuukumbuka mwaka wenyewe. Mwezi wa Machi 2017, huko Addis Ababa, Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika lilitukubali kuwa mwanachama wake wa 55. Watu walipongezana njiani kama walioona mwezi wa Idi. Mwezi wa Julai mwaka huo huo shirikisho hilo hilo likatuondoa, kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi yenye mamlaka kamili. Miezi minne tu tulikuwa ndani, kisha tukarudishwa mlangoni. Kwa hiyo mashindano ya Afrika Mashariki na Kati yakabaki kuwa dari ya timu yetu. Tuliwahi kuligusa dari hilo mara moja tu, mwaka 1995 huko Uganda, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nikiisikiliza habari hiyo redioni.

Sasa vijana wetu walikwenda Kenya bila ya kutarajiwa na mtu. Wakawafunga Rwanda 3-1. Wakawafunga ndugu zetu wa Tanzania Bara 2-1. Wakatoka sare na Kenya bila ya bao. Wakafungwa na Libya 1-0, na usiku ule barazani tukasema timu imekwisha, pumzi imekatika, kocha hana akili. Siku chache baadaye wakawatoa Uganda, mabingwa watetezi, kwa mabao 2-1, na sisi sisi tukasema tulijua tangu mwanzo.

Fainali ilikuja siku mbili tu baada ya mchezo huo wa Uganda. Kenya walitangulia mapema. Tulikaa na deni hilo la bao moja mpaka karibu na mwisho wa muda wa kawaida, ndipo tukasawazisha, na mimi nikamkumbatia mtu ambaye hatukuwa tukisemezana tangu uchaguzi. Katika muda wa nyongeza Kenya wakaongeza la pili. Haukupita muda tukasawazisha tena. Mabao 2-2, dakika 120, na sasa mikwaju ya penalti.

Mlinda mlango wa Kenya, Patrick Matasi, alikuwa mrefu, mtulivu, na kama aliyekwisha kuambiwa mpira utakwenda wapi. Katika mikwaju yetu mitano ni miwili tu iliyoingia. Kenya wakatwaa kombe kwa penalti 3-2.

Mpira ulipokwisha hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha nikasema mimi. Nilimtaja kijana mmoja miongoni mwa waliokosa, nikasema kwamba hakustahili kuivaa jezi ile, kwamba mguu wake ni wa kuazima, na kwamba ametuaibisha mbele ya Afrika nzima. Nilisema kwa ufasaha. Wapo waliocheka, na mmoja akaniomba niyarudie maneno yangu ili ayakariri. Mtu wa maneno anapokasirika huwa hatari zaidi kuliko mtu wa ngumi, kwa kuwa maneno yake hubebwa na watu wengine yakaenda mbali asikokwenda mwenyewe.

Alikuwapo mzee mmoja muuza kahawa, ambaye muda wote ule alikuwa akisuuza vikombe vyake. Mpira haukuwa ukimshughulisha sana. Akanitazama, akasema: “Mwanangu, wewe ubeti ukiukosea unaufuta. Yule wake ataufutia wapi?”

Sikuwa na jawabu. Nilimlipa kahawa yake nikaenda zangu nyumbani.

Mimi sikusoma ushairi darasani, wala sikufundishwa na mtu kufasiri. Nilijifunza kwa kusikiliza wakubwa, kwa kamusi iliyochanika jalada, na kwa kukosea. Naijua idadi ya karatasi nilizozichana kuliko idadi ya mashairi niliyoyachapisha. Hakuna hata mmoja kati yenu, enyi wasomaji, aliyeziona karatasi hizo, na kwa sababu hiyo mnanidhania kuwa nina hakika na kalamu yangu. Mcheza mpira hana karatasi ya kuchana. Anachokiandika kinasomwa papo hapo na maelfu, na kosa lake ndilo hilo hilo litakaloonyeshwa tena na tena usiku, kwa mwendo wa polepole.

Tangu siku ile nimejilazimisha kuutazama mpira kama ninavyomtaka msomaji aitazame kazi yangu, na nimegundua kwamba sehemu kubwa ya yale tuliyokuwa tukiyapigia kelele hatukuwa tukiyafahamu.

Chukueni pasi ya nyuma. Beki wetu anaporudisha mpira kwa mlinda mlango, uwanja mzima hupiga ukelele: “Mbele! Mbele!” Tunaona woga. Lakini mara nyingi pasi ile ni chambo. Wapinzani huufuata mpira, wakaacha nafasi nyuma yao, na pasi mbili baadaye kiungo wetu hupokea mpira mahali ambapo dakika moja kabla palikuwa pamejaa watu. Anayeupeleka mpira mbele kila anapoupata, ili awaridhishe mashabiki, anautoa sadaka kwa mabeki wa upande wa pili.

Hatukosi mfano wa hayo katika sanaa yetu. Tarbia ina mishororo minne, na mshororo uliozoeleka una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Wako wasikilizaji ambao hukaa wakingojea kituo tu, kwa kuwa ndicho watakachokiitikia na kukikumbuka. Lakini kituo hakina nguvu ikiwa kina cha kati hakikupangwa vyema tangu mshororo wa kwanza. Bao ni kituo. Sisi mashabiki tunataka kila mshororo uwe kituo, kisha tunashangaa kwamba shairi halikutungika.

Au mtazameni yule kiungo wa chini, anayesimama mbele ya mabeki. Kazi yake ni kufika mahali kabla ya hatari kufika. Akiifanya sawasawa hakuna kinachotokea, na kwa kuwa hakuna kilichotokea, hakuna anayemtaja. Siku atakapochelewa hatua moja, jina lake litakuwa midomoni mwa watu wote. Nilipolifahamu hilo nilicheka peke yangu, kwa maana hiyo ndiyo kazi ya mfasiri. Miaka yote hii nimekuwa nikilalamika kwamba msomaji hamkumbuki mfasiri isipokuwa pale anapokosea, na Ijumaa jioni nikenda uwanja wa Mao nikawatendea viungo yale yale ninayoyalalamikia.

Kuna na jambo la miguu. Vijana wale wa mwaka 2017 walicheza michezo sita katika muda wa wiki mbili, na wa sita ukafika dakika 120. Penalti inayopigwa baada ya hapo haipigwi na mguu ule ule uliofunga mabao ya siku ya kwanza. Tuliyajua yote hayo, tulikuwa tumeyahesabu kwa vidole sisi wenyewe barazani, lakini hesabu hiyo tuliisahau mara tu mpira wa kwanza ulipopanguliwa.

Na kocha naye, Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, tulimwambia usiku ule kila lisilosemeka. Mapema mwaka 2024 mtu huyo huyo ndiye aliyeiongoza Taifa Stars katika fainali za Afrika huko Ivory Coast, na tukatoka sare na Zambia na Kongo. Wale wale waliosema hana akili wakasema ni mtoto wetu.

Sisemi kwamba shabiki anyamaze. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kutunza ni pamoja na kusema ukweli. Uwanja usiokuwa na kelele ni kama taarabu isiyokuwa na watu wa kutunza. Ninalolikataa ni deni. Tumewatwika vijana wa miaka ishirini mzigo ambao si wao: kwamba walipwe kwa miguu yao yale tuliyoyakosa mikutanoni, kwamba bendera iliyokataliwa Julai ikubaliwe Disemba kwa mkwaju wa penalti. Mkataba huo hatukuwaonyesha, wala wao hawakuutia saini. Wao walikwenda Machakos kucheza mpira, na waliucheza vyema kuliko timu zote isipokuwa moja, na hiyo moja iliwashinda kwa penalti tu.

Tarehe 13 Januari 2025 nilikuwa Gombani, Pemba, siku timu yetu ilipocheza fainali ya Kombe la Mapinduzi na Burkina Faso. Nyuma yangu alikaa bwana mmoja wa makamo, mwenye sauti nzuri na maneno mengi. Kila mchezaji wetu alipokosea alimpa jina, na majina yenyewe, sitaki kusema uongo, yalikuwa yamepangika. Watu walicheka. Mara mbili niligeuka nimweleze habari za muuza kahawa, na mara mbili nikarudi kutazama mbele, kwa kuwa sikujua ningeanzia wapi.

Tulishinda 2-1. Bwana yule alinikumbatia kwa nguvu hata miwani yangu ikaanguka, akalia, akasema vijana hawa Mungu awaweke. Nikaitikia amin.

Yule kijana wa Machakos sijawahi kukutana naye. Pengine hakupata kuyasikia niliyoyasema, ingawa kisiwa chetu ni kidogo na maneno yana miguu. Ikiwa yalimfikia, basi na haya yamfikie.