Chomoa kwanza: kisa cha mama, hita na deli la barafu

Nyumbani tulikuwa na mgeni mdogo. Dada yangu amejifungua, shemeji yuko safarini kikazi, kwa hiyo mama alipanda basi kutoka Njombe akaja kwangu Bunju kumhudumia mzazi. Wenye dada mnajua maana yake: maji ya moto asubuhi, maji ya moto jioni. Mzazi akandwe, mtoto aogeshwe, na mama mwenyewe hajawahi kuamini kwamba binadamu anaweza kuoga maji ya bomba alfajiri, hata kama ni Dar.

Mimi, msomi wa nyumba, nikatoa jibu la haraka. Nikanunua Tegeta ile hita ya kuchovya kwenye ndoo, iliyojikunja kama springi. Plagi yake ina meno mawili, soketi zetu zina matundu matatu. Mnajua tunavyofanya: unachokonoa tundu la juu kwa kalamu, mengine mawili yanafunguka, unasukuma plagi. Nilitumia kalamu yangu ya kazini.

Siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, nikasikia kishindo. Mama alikuwa ametia kidole kupima joto, hita ikiwa bado inawaka. Umeme ukamrusha hadi ukutani. Nashukuru Mungu mtoto alikuwa kitandani. Mama alikaa chini, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, kumbe huku kwenu maji yanauma?" Dada alicheka. Mimi sikucheka.

Nimeshaandika habari za watu waliokufa kwa umeme. Aya nne: jina, umri, mtaa, kamanda wa polisi athibitisha. Sikuwahi kujiuliza ilikuwaje hasa. Safari hii nilikwenda kwa fundi umeme wa mtaani, si kwa ajili ya gazeti.

Akanieleza. Tundu lile la juu ni la waya wa ardhi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja, usipitie mwilini mwako. Plagi ya meno mawili haina njia hiyo. Ganda la chuma la hita likitoboka, na maji ya visima vya huku yenye chumvi hula chuma upesi, umeme unaingia kwenye maji. Ndoo ya plastiki haikuokoi, kwa sababu unayagusa maji yenyewe.

Kisha akataka kunifungia shawa ya umeme. Nikauliza inakula kiasi gani. Kilowati 5.5. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 24, wakati soketi ya kawaida ukutani ni ya ampea 13. Shawa ya namna hiyo inataka waya wake mnene, wa milimita 6 za mraba, swichi yake peke yake, waya wa ardhi unaofanya kazi, na kifaa cha kukata umeme mara unapovuja miliampea 30. "Ila kaka, wengi tunaunga tu kwenye waya uliopo," alisema bila haya. Nikaaga.

Nikakaa na karatasi. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 27 hadi 42 kunahitaji kama uniti 0.35. Tuko watu wazima watatu na kichanga, tuseme ndoo nane kwa siku: uniti 2.8, au 84 kwa mwezi. Mita yangu hunipa uniti kama 28 kwa shilingi elfu kumi. Yaani elfu thelathini ya kuongeza nyuzi 15 tu!

Na nyuzi hizo 15 Dar tunapewa bure. Nani hajafungua bomba la simtanki saa tisa mchana akaruka? Tanki jeusi juu ya mnara ni hita ya jua tayari. Tatizo ni kwamba joto linakuja saa tisa mchana, sisi tunalitaka saa kumi na moja alfajiri.

Mitambo ya jua imejengwa kwa ajili ya pengo hilo. Paneli inakaa chini, tanki lenye koti la kuzuia joto linakaa juu yake. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe hadi kwenye tanki, ya baridi yanashuka. Hakuna pampu. Kwa kuwa Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, paneli inaelekezwa kaskazini. Maji ya tanki yanatakiwa yafike nyuzi 60 ili vijidudu visizaliane humo, lakini joto hilo humuunguza mtu kwa sekunde chache, kwa hiyo kabla ya bomba lazima kuwe na valvu ya kuchanganya na maji baridi. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2012, ilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua.

Mimi ni mpangaji, paa si langu. Jibu alilitoa mama. Aliona deli la muuza barafu wa jirani akauliza, "Hili likizuia joto lisiingie, si litalizuia na lisitoke?" Nikanunua deli. Kila saa kumi jioni tunalijaza maji ya simtanki na kulifunika. Alfajiri bado yana uvuguvugu mzuri wa kuoga. Tunalisafisha kila siku, hatulazi maji siku mbili, na hayanywewi. Ya mtoto na ya kumkanda mzazi yanachemshwa kwenye gesi.

Kwa wenye hita za ndoo: zima, chomoa, ndipo uguse maji. Na unayejenga sasa huko Mabwepande au Boko, mwambie fundi wako habari ya waya wa ardhi na nafasi ya paneli kabla paa halijapanda.

Hita nimeikata waya nikaitupa. Kalamu ninayo, ndiyo niliyoandikia hesabu zile.