Nyoka wetu, dawa ya kuagiza

Huku Voi, usiku hutoki nje bila tochi. Tsavo iko hapo tu, na nyoka hajui mpaka wa mbuga. Lakini dawa ya sumu yake Kenya bado inaagiza nje. Dawa hiyo hutengenezwa kwa sumu ya nyoka wenyewe. Ya nyoka wa mbali inaweza kushindwa na kifutu wa Sagalla. Watafiti wetu pale Karen, Nairobi, wanatafuta dawa inayotufaa, wakitegemea sana pesa za Uingereza. Uingereza, jamani! Sheria ya 2013 inataka Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti kila mwaka. Haijawahi. Waheshimiwa, sheria ni ya bunge lenu. Bajeti ikija, msiipitishe bila hiyo 2.