Mitumbwi Iliyoondoka Bila Sisi

Nyamwaga hazaliwi mtu akijua kupiga kafi. Kwetu ni juu, kwa mahindi, ndizi na ng'ombe, na Mto Mara huuoni mpaka uteremke upite Nyamongo. Mimi kafi nilifundishwa Musoma, na mzee wa Kijita mvuvi wa dagaa, aliyenipokea nikiwa kijana asiye na kazi akanipa kopo nifue maji chomboni. Somo lake kuu lilikuwa upepo. Alfajiri alisimama mwaloni akilitazama ziwa kimya, na akigeuka kurudi kwake, hakuna aliyethubutu kuuliza kama siku hiyo tunavua.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Mama akatuma ujumbe kwa abiria wa basi: toka kwenye maji, rudi nyumbani. Nikarudi. Lakini mkono uliozoea kafi haushiki jembe kwa moyo, na mtoni kulikuwa na riziki. Upande huu Tarime, ng'ambo Serengeti, daraja lilikuwa mbali, na watu walikuwa na mbuzi wa kuuza, dagaa, misiba, na wakwe wa kuwasalimia. Nilinunua mtumbwi wa mbao huko huko Musoma, ukaja kwa lori. Mama nilimweleza kwamba mto si ziwa.

"Una maji?" akauliza.

Nikanyamaza.

Ziwani hatari unaiona inakuja. Mtoni inatumwa na watu usiowajua. Mara una urefu wa karibu kilomita 395. Chanzo chake ni msitu wa Mau, Kenya, inakotoka mito ya Nyangores na Amala, ambayo huungana chini zaidi. Kisha unapita Maasai Mara na kaskazini mwa Serengeti ndipo utufikie sisi. Basi mvua inanyesha milima ya kule, na wewe huku umekaa kwenye jua kali unakula muhogo, huna habari. Siku kadhaa baadaye yale maji yanabisha hodi. Kwanza yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Halafu povu, halafu matawi yenye majani mabichi. Majani makavu hayakunitisha kamwe, ni uchafu wa ukingoni. Jani bichi lina maana kwamba huko juu mti mzima umeng'oka na uko njiani. Ukiliona hilo, abiria wanaopiga kelele wapige, huvuki.

Vuli ya 1997 ilikuja na El Nino. Mtumbwi nilikuwa nimeufunga kwa kamba mbili kwenye mkuyu mkubwa, nikaupandisha nusu yake nchi kavu. Asubuhi hapakuwa na mtumbwi, wala kamba, wala mkuyu. Mto ulikuwa umeukata ukingo kwa chini usiku kucha, ukachukua mti na kilichofungwa kwake. Wenzangu wawili nao walikuwa wamesimama hapo mikono kichwani.

Watu husimulia mitumbwi inayozama katikati ya mto, yenye abiria na mayowe. Ipo. Lakini mingi niliyoiona ikipotea ilipotea usiku, tupu, ikiwa imefungwa vizuri, mwenyewe amelala kwake. Ndiyo maana nusu ya kazi yetu, ambayo hakuna abiria aliyeilipia nauli, ilikuwa kuitafuta.

Ukitafuta mtumbwi unafuata mto kwa miguu. Unakagua kila kona, maana mkondo hutupa vitu nje ya kona, si ndani yake. Unakagua visiki, kwa kuwa mtumbwi tupu hukwama kwa ubavu, maji yakaujaza, ukabaki umezama kiasi cha goti huku wewe unapita juu yake. Unauliza wanaonywesha ng'ombe na akina mama wanaofua, kwa adabu, tena unaanza na salamu ndefu, kwa sababu mtu anayepita kando ya Mto Mara akitazamatazama anaweza kudhaniwa anatafuta ng'ombe wa watu. Sisi Wakurya tunalijua hilo, tusidanganyane.

Usipoupata njiani, unashuka hadi Masurura. Pale mto unapoteza njia. Maji yanajitandaza kwenye mafunjo marefu kuliko mtu, njia zinafunguka na kujifunga, mpaka daraja la Kirumi ambako barabara ya Musoma na Sirari inakatiza. Mafunjo yale huchuja kila kinacholetwa na mto: magogo, mizoga, ndoo, na mitumbwi yetu. Wavuvi wa humo wanaijua. Mtumbwi wangu niliukuta umeegeshwa mbele ya kibanda cha mzee mmoja, umekaushwa, hata umezibwa tundu.

"Shikamoo, mzee. Huu ni wangu."

"Marahaba, mura. Ulikuwa wako ulipokuwa kwenu."

Tulibishana kutwa nzima, kwa heshima, samaki wakiletwa katikati. Nikalipa. Tena nililipa kwa furaha, maana mtumbwi wa mwenzangu mmoja haukuonekana mpaka leo. Kuurudisha juu dhidi ya mkondo ni jambo lisilowezekana. Ulirudi kwa lori, kama ulivyokuja mara ya kwanza.

Kuhusu mamba nitasema machache, wamesemwa sana. Mamba husubiri anayechota maji na anayenawa miguu, na mtu aliyekaa chomboni akatuliza mikono hawamsumbui sana. Kiboko ndiye mwenye mto. Yeye hana nia ya kukula; umemfungia njia kati yake na kina, basi. Ndiyo sababu sikuvusha alfajiri, saa ambazo wanarudi kutoka malishoni, na usiku sikuvusha kwa bei yoyote, kwa sababu ya viboko na kwa sababu ya aina ya abiria wanaotaka kuvuka usiku wakiwa na fimbo bila mzigo.

Mwenzangu mmoja alivusha alfajiri. Aliitwa kwa ajili ya mgonjwa aliyekuwa ng'ambo, hakuweza kukataa, nami sijui kama ningekataa. Alikuwa peke yake. Tuliona nusu ya mtumbwi, mbao zimevunjwa kwa meno. Tukashuka mto kama tunavyofuata vyombo, kona kwa kona, tukiuliza kwa salamu ndefu, mpaka Masurura. Walikuwa wamempata. Walikuwa wamemfunika kwa turubai, na kijana mmoja ameketi karibu akifukuza mbwa. Nikatoa hela mfukoni. Mzee yule yule akanisukuma mkono. Kwa mtumbwi hutoza. Kwa mtu hawatozi.

Baadaye mambo yakabadilika haraka. Tukaambiwa habari za jaketi okozi, nikayanunua, na abiria wakayakalia ili nguo zisilowane. Machi 2022 maji ya kule Kirumi yakawa meusi, samaki wakafa wakaelea, serikali ikazuia uvuvi kwa muda, na rafiki zangu wa kwenye mafunjo wakakaa bila kazi. Nami magoti yakaniambia imetosha. Vijana wanaovusha sasa wana nguvu kuliko mimi nilivyokuwa, na bodaboda wanaipakia mtumbwini wakiiongelesha.

Ila namba yangu ya simu bado anayo dereva mmoja wa lori wa Bomet, kule juu Kenya mto unakotoka, tuliyejuana kwa biashara ya mahindi. Masika ananipigia kuuliza bei ya gunia Tarime. Namwambia, nami namuuliza mvua. Akisema kumenyesha usiku kucha, nawapigia vijana mtoni wapandishe vyombo juu kabisa, mbali na mikuyu. Wengi wanasikia. Daima yuko mmoja anayejibu kwamba huku jua linawaka, mzee. Huyo simbishii, napiga simu ya pili Kirumi, nawaeleza rangi ya mtumbwi wake.